Kuku, Paka na Mzee Aliye Makaoni: Somo kwa Kamati za Sharika



Somo la robo hii linahusu matumizi ya wanyama katika huduma ya wazee wanaoishi makaoni. Tunajua wapo watakaocheka wakisoma kichwa cha somo. Kuku tunawafuga sote. Tangu lini kuku akawa dawa? Na yule anayetoa mchango wake kwa ajili ya magodoro na sabuni anayo haki ya kuuliza kwa nini leo tunamzungumzia paka. Tunamwomba msomaji avumilie mpaka mwisho kabla ya kuamua, kwa sababu swali lililo nyuma ya somo hili si dogo. Mzee akishalishwa, akaogeshwa na kupewa dawa zake, anaamka kesho yake asubuhi kwa ajili ya nini?

Makao ya wazee katika nchi yetu hupokea hasa wale wasio na mtu: waliofiwa na watoto, waliohama kwao zamani kufuata kazi za mashamba ya mkonge au reli wakapoteza njia ya kurudi, waliofukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na wale ambao jamaa zao wapo lakini hawaji. Anayefika pale saa nne asubuhi atawakuta wameketi kwenye benchi kando ya ukuta. Akirudi saa nane atawakuta kwenye benchi la upande wa pili, maana kivuli kimehama. Kati ya saa hizo mbili kumekuwa na uji, dawa na kungojea. Tukiwauliza habari zao tunaambiwa wengi walikuwa wafugaji na wakulima. Mama aliyekamua ng'ombe kila alfajiri kwa miaka 50 sasa anakatazwa kubeba ndoo asije akaanguka. Katazo hilo lina nia njema. Lakini matokeo yake ni kwamba hana tena kitu hata kimoja anachokilea; yeye ndiye analelewa, tangu alfajiri hadi usiku.

Maana ya maneno

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa, kwa kuwa kila moja lina gharama zake na lina mipaka yake.

La kwanza ni tiba kwa msaada wa wanyama katika maana yake kamili. Hapa kuna mtaalamu, tuseme muuguzi au mtaalamu wa viungo, mwenye lengo alilolipanga kwa mgonjwa fulani. Kwa mfano, mzee aliyepatwa na kiharusi anapewa brashi amsugue mbwa manyoya ili mkono uliolegea urudishe nguvu, na maendeleo yanaandikwa kila juma. La pili ni matembezi: mtu wa kujitolea anamleta mnyama wake aliyefundishwa na kukaguliwa, wazee wanamshika, wanazungumza, kisha mnyama anarudi kwao. La tatu ni wanyama wanaoishi palepale makaoni na kutunzwa na wazee wenyewe kadiri ya nguvu zao. Vyombo vya habari huyaita yote matatu tiba. Sisi tungependa kamati zetu ziwe waangalifu na neno hilo. Kwa hali ya watumishi na fedha tuliyo nayo, linalotufaa zaidi ni la tatu, na somo hili litakaa hapo kwa muda mrefu.

Jambo lenyewe si geni

Mwaka 1796 Waquaker wa mji wa York, Uingereza, wakiongozwa na mfanyabiashara William Tuke, walifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Wakati ule wagonjwa wa namna hiyo walifungwa minyororo. Katika nyumba ya York waliruhusiwa kutembea uani, na katika nyua hizo kulikuwa na sungura, kuku na ndege wengine. Mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika kitabu juu ya nyumba hiyo mwaka 1813, akaeleza kwamba kuwa karibu na viumbe hao kuliamsha ndani ya wagonjwa hisia za upole. Baadaye Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, aliwaambia wauguzi katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri kwa mgonjwa, hasa yule wa siku nyingi.

Kwetu Walutheri kuna historia iliyo karibu zaidi. Bethel, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, ilianzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa. Chini ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeanza kuiongoza mwaka 1872, wagonjwa hawakuachwa wakae tu. Walipewa kazi katika karakana, mashambani na kwenye mifugo, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Wamisionari wa Bethel ndio waliofanya kazi Usambara na baadaye Bukoba, na wazo hilo halikubaki Ujerumani. Hospitali ya Lutindi kule Usambara, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwapa wagonjwa kazi ya shamba na ya mikono kama sehemu ya uponyaji wao. Basi anayesema kwamba haya ni mambo ya Wazungu wa leo wanaolala na mbwa kitandani, na asome kidogo historia ya kanisa lake.

Uchunguzi wa kitaalamu ulianza kuchukua sura katika miaka ya 1960. Mwanasaikolojia wa watoto wa Marekani, Boris Levinson, aligundua kwamba mtoto asiyetaka kusema naye alikuwa tayari kusema na mbwa wake aliyeitwa Jingles. Alipolieleza jambo hilo mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1961, baadhi yao walimfanyia mzaha. Katika miaka ya 1970 Samuel na Elizabeth Corson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walipeleka mbwa kwa wagonjwa wa akili na kisha katika makao ya wazee. Kisa kinachosimuliwa zaidi katika kazi yao ni cha mzee aliyekaa makaoni miaka 26 akidhaniwa kuwa ni bubu. Mbwa alipoingia, mzee alisema. Maneno yake ya kwanza yalimhusu mbwa.

Makao ya New Berlin

Tungetaka kamati zikijue kwa undani kisa kimoja, kwa sababu kina mafunzo mengi kuliko semina tatu.

Mwaka 1991 daktari kijana, Bill Thomas, alikuwa mganga wa makao ya wazee ya Chase Memorial katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Makao yalikuwa na wazee 80, karibu wote wenye ulemavu mkubwa au ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Yalikuwa safi na wauguzi walifanya kazi yao. Hata hivyo Thomas aliona kwamba wazee wanafifia, akasema makao yana mapigo matatu ambayo hakuna kidonge kinachoyatibu: upweke, kuchoshwa na siku zisizo na jambo, na kukosa uwezo wa kufanya lolote kwa ajili ya mwingine. Hilo la tatu tunaliona kuwa zito kuliko yote. Mtu anaweza kuvumilia kutohudumiwa vizuri. Kutohitajika na yeyote kunamvunja.

Kanuni za jimbo ziliruhusu mbwa mmoja au paka mmoja. Thomas aliomba kibali na fedha za serikali ya jimbo, akaingiza mbwa wawili, paka wanne na ndege wa aina ya kasuku wadogo 100, pamoja na sungura, kuku wa mayai, mamia ya mimea ya ndani na bustani ya mboga. Watoto wa watumishi walikaribishwa baada ya masomo. Kasuku walifika siku moja wote kwa pamoja, na vizimba vilikuwa havijafika. Aliyewaleta aliwafungulia katika chumba cha kutengenezea nywele, akafunga mlango, akaenda zake. Watumishi walihangaika kuwakamata huku wazee wakitazama kupitia kioo, wakicheka mpaka machozi. Tunakitaja kituko hiki kwa sababu wataalamu wa mipango, nasi tukiwamo, tungekiandika katika taarifa kama kasoro ya manunuzi. Kwa wazee wale huenda ilikuwa ni siku ya kwanza kwa muda mrefu kuona jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Upinzani ulitoka kwa watumishi, wala haukuwa wa kijinga. Nani atafagia kinyesi? Nani atawalisha Jumapili? Muuguzi amesomea kuuguza watu. Lakini baada ya muda mambo yalianza kubadilika. Wazee waliodhaniwa kuwa hawawezi kusema walianza kusema. Waliokuwa hawatoki chumbani walifika kwa wauguzi kuomba wampeleke mbwa matembezini. Kasuku wote walipata wenyewe, na kila mmoja akapewa jina.

Daktari mwandishi Atul Gawande, aliyekieleza kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 2014, anatoa matokeo ya miaka miwili yaliyopatikana kwa kuyalinganisha makao hayo na makao mengine ya jirani. Dawa alizoandikiwa kila mzee zilishuka hadi nusu ya zile za makao ya jirani, na zilizopungua hasa ni dawa za kutuliza watu wenye fadhaa. Gharama yote ya dawa ilikuwa asilimia 38 tu ya gharama ya wenzao. Vifo vilipungua kwa asilimia 15.

Mfadhili makini atasema, hayo ni makao mawili tu, na vilivyoingizwa ni vingi kwa pamoja: wanyama, mimea, watoto, na daktari mwenye shauku. Ni kweli. Haiwezekani kusema ni mbwa aliyefanya hivi na mchicha uliofanya vile. Thomas mwenyewe alisisitiza kwamba lengo halikuwa wanyama bali makao yawe mahali pa kuishi.

Kuku wa Gateshead

Kisa cha pili ni kifupi lakini kiko karibu zaidi na nyua zetu. Katika mji wa Gateshead, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kulikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu aliyekuwa akitaja majina ya wanawake mara kwa mara. Inasimuliwa kwamba wahudumu walidhani anawakumbuka watu aliowapenda. Ilipochunguzwa ikaonekana ni majina ya kuku wake aliowafuga zamani. Makao yakanunua kuku.

Kutokana na hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la Equal Arts lilianzisha mpango ulioitwa HenPower, ambao wazee katika makao na nyumba za uangalizi wanafuga kuku wao wenyewe. Chuo Kikuu cha Northumbria kiliufuatilia, kikaeleza kwamba upweke na huzuni vilipungua kwa washiriki. Mpango umeenea katika makao mengine na hata Australia. Kinachotugusa ni jambo moja: wazee wanaume, ambao kwa kawaida hukataa kuimba na kufuma vitambaa katika vipindi vya makaoni, walikuja kwenye kuku. Waligombea kujenga banda. Baadaye wakaanza kwenda shuleni na makao mengine kuwafundisha wengine ufugaji. Watu waliokuwa wapokeaji wa huduma wakawa walimu, na banda lenyewe halikuwa kubwa.

Utafiti unasemaje

Hapa tunataka kuwa wakweli, maana tusingependa mtu yeyote atoe fedha kwa kudanganywa na hadithi nzuri.

Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake nchini Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 92 waliolazwa kwa ugonjwa wa moyo. Baada ya mwaka mmoja, kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walikufa 3. Kati ya 39 wasio na mnyama walikufa 11. Taarifa hiyo ilivuta watu wengi kwenye uchunguzi huu. Haithibitishi kwamba mnyama ndiye aliyeokoa, kwa kuwa huenda mwenye kufuga alikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Mwaka 2002 Marian na William Banks waliwachukua wazee 45 katika makao matatu ya Mississippi, wote wakiwa wametaka wenyewe kushiriki. Kundi moja halikupata mnyama, la pili lilitembelewa na mbwa nusu saa mara moja kwa juma, la tatu mara tatu kwa juma, kwa majuma sita. Upweke ulipungua kwa makundi yote mawili yaliyotembelewa, wala mara tatu haikuonekana kuzidi mara moja. Kwa sharika zenye watu wachache wa kujitolea hiyo ni habari njema. Uchunguzi wao wa baadaye, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba mzee aliyekaa na mbwa peke yake alifaidika zaidi kuliko aliyekaa naye katika kundi. Wengi wetu tungedhani kinyume chake, kwamba faida inatokana na wazee kukusanyika. Yaonekana mzee ana mambo ya kumwambia mnyama ambayo hataki jirani ayasikie.

Mwaka huohuo wa 2002 Nancy Edwards na Alan Beck waliweka matangi ya samaki ya kioo katika vyumba vya kulia vya wazee 62 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wazee hao kwa kawaida huinuka mezani kabla ya kumaliza, au husinzia. Baada ya tangi kuwekwa walikula zaidi, na uzito wao ukaongezeka ndani ya majuma 16. Hakuna aliyemgusa samaki. Walitazama tu, wakakaa, wakala. Anayepima uzito wa wazee wetu kila mwezi ataelewa kwa nini tumelitaja hili.

Upande wa pili wa mizani ni huu. Mwaka 2019 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya majaribio 9 yaliyohusu watu 305 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Huenda dalili za huzuni zilipungua kidogo. Juu ya mambo mengine ushahidi haukutosha, na hata huo uliopo ulihesabiwa kuwa hafifu. Kwa hiyo kamati inayoandika ombi la fedha isiandike kwamba kuku watarudisha kumbukumbu za wazee. Iandike kwamba wazee watakuwa na kazi ya asubuhi. Hilo litaonekana kwa macho.

Wajapani nao wametengeneza roboti yenye umbo la mtoto wa sili, iitwayo Paro, inayotikisa kichwa ikipapaswa. Bei yake ni takriban dola 6,000 za Marekani. Tunaitaja ili tu tushukuru bei ya kuku.

Mnyama yupi kwa makao yetu?

Mbwa ndiye anayeongoza katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Sisi hatumpendekezi kuwa wa kwanza. Wazee wengi wa kwetu wamemjua mbwa kama mlinzi afungwaye mchana na kufunguliwa usiku, na kumwogopa ni akili. Pia makao yetu hayabagui dini, na kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi inayowalazimu kujitakasa. Kumletea mzee Mwislamu mbwa amrambe mkono si huduma. Nguruwe hatuhitaji kumjadili. Paka hana shida hizo kwa watu wengi, anajilisha kwa sehemu, anakamata panya, na anajua mwenyewe ni mapaja ya nani yenye joto.

Kuku wa kienyeji wachache, kumi hivi, ndio tunaowaweka mbele. Kila mzee anawajua. Wana saa zao: kufunguliwa, kulishwa, kuokota mayai, kuhesabiwa jioni. Mzee asiyeona atamsikia kuku aliyetaga na kwenda kupapasa kiota. Asiyeweza kutoka kitandani atarusha mtama dirishani, ikiwa banda limejengwa mbele ya dirisha lake badala ya nyuma ya jiko. Sungura wanafaa kwa kupapaswa, na nyasi zao hukatwa na mwenye kutembea. Mbuzi wa maziwa mmoja au wawili wanafaa pale ambapo kuna wazee wenye nguvu kidogo na mtumishi aliye tayari kusimamia. Katika maeneo ya wafugaji tungemwuliza mzee mwenyewe. Mzee wa Kimasai ambaye maisha yake yote yamepimwa kwa ng'ombe huenda asione maana ya sungura, lakini akikalishwa jioni mahali ambapo ng'ombe wa jirani hupita wakirudi, atawataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Hilo halina gharama yoyote, ila benchi kuhamishwa.

Asiyetaka asilazimishwe. Wapo wanaochukia manyoya, wapo wenye pumu, na wapo waliofuga maisha yao yote na sasa wanasema wamechoka.

Magonjwa na hatari

Hili ni eneo ambalo kamati haiwezi kulipita kwa haraka. Bwana mifugo awe mjumbe wa kamati ya makao tangu siku ya kwanza, wala asiitwe tu mnyama anapokufa.

Mbwa na paka wote wapate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka na kadi zihifadhiwe ofisini. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Kusubiri dalili ni kusubiri kifo. Wanyama wapewe pia dawa ya minyoo kwa ratiba.

Kuku wapate chanjo ya kideri ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Bila hiyo banda lote laweza kuisha ndani ya juma moja, na mzee aliyeanza kuwapa majina ataona kifo kingine juu ya vile alivyokwisha kuviona. Kuku wasilale chumba kimoja na watu. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika kuku au mayai, maana kinyesi chao hubeba vijidudu vya kuharisha ambavyo kijana huvishinda na mzee dhaifu havishindi. Vifo vya ghafla vya ndege wengi vitolewe taarifa mara moja na wazee wasiwashike. Maziwa ya mbuzi yachemshwe, na mzee asizalishe mnyama kwa mikono mitupu, kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba ambao humpata binadamu pia. Mwenye kidonda kilicho wazi asiguse mnyama mpaka kifungwe.

Hatari nyingine ni kuanguka. Paka hupita miguuni, na nyonga ya mzee ikivunjika mara nyingi hainuki tena. Katika kordo zenye giza paka asiruhusiwe usiku.

Mnyama naye si kifaa. Mithali 12:10 inamhesabu mwenye haki kuwa ni mtu anayejali uhai wa mnyama wake. Sungura anayepitishwa mikononi mwa watu 20 mfululizo anateseka, na mnyama anayeteseka huuma. Awe na mahali pa kukimbilia.

Kuku wa mzee au kuku wa mradi?

Tumefika penye ugumu halisi, na hapa tunasema na kamati na wafadhili kwa pamoja. Sote tunaijua miradi ya kopa ng'ombe lipa ndama na mabanda ya kuku wa mayai. Tumezoea kuuliza: kipato ni kiasi gani, uendelevu uko wapi? Ni maswali mazuri. Lakini tazama yanavyofanya kazi makaoni. Kuku kumi wanataga. Mtu anasema tukiwa na 200 tutalipia umeme. Wanaletwa 200. Kuku 200 wanahitaji chakula cha kununua, dawa kwa wakati na mtu mwenye nguvu. Anaajiriwa kijana. Kijana anafunga mlango wa banda ili magonjwa yasiingie, na anafanya vema. Mwaka unaofuata taarifa inaonyesha trei za mayai, mfadhili anafurahi, na wazee wako palepale kwenye benchi wakihama na kivuli. Mradi umefaulu na lengo limekufa.

Kwa hiyo tunapendekeza makao yakitaka biashara ya mayai yaifanye mahali pengine na kwa daftari lingine. Kuku wa wazee wabaki wachache kiasi cha kuweza kujulikana mmoja mmoja. Mayai yao yaliwe palepale, au mzee ampe mgeni aliyemtembelea; mwenye kutoa zawadi si ombaomba. Na kuku wa mzee asichinjwe kwa sababu ugeni wa Dayosisi umefika bila taarifa. Sisemi mzee wa kwetu atamhesabu kuku kuwa mwanawe. Anajua vizuri supu inatoka wapi. Ila aamue yeye.

Wapo watakaotuambia kwamba palipokosekana nepi na dawa za shinikizo la damu, kuzungumzia paka ni anasa. Tunakubaliana nao nusu. Makao ambayo mzee haogeshwi hayana ruhusa ya kununua sungura, na hakuna mnyama anayeziba pengo la muuguzi aliyekosekana. Fedha ya dawa isiguswe. Lakini tumeona pia makao yenye vyote hivyo, shuka safi na kabati la dawa lililojaa, ambako wazee wanageukia ukuta. Huko mtu hafi kwa kukosa dawa.

Kwa wafadhili: gharama kubwa haiko kwenye kununua wanyama. Iko kwenye pumba na mtama wa miezi ya kiangazi, chanjo, sabuni, na saa moja ya mhudumu kila asubuhi ambayo lazima iandikwe katika zamu yake, la sivyo itakuwa kazi ya kila mtu na haitakuwa ya mtu. Ombi lisilotaja hivyo vinne lirudishwe kwa kamati iliyoliandika.

Kwa upande wa taarifa, tunaomba daftari la kawaida la shule. Kila siku mhudumu aandike nani alitoka leo, nani alikataa, nani alisema jambo na alisema nini. Uzito wa kila mzee upimwe kila mwezi na uandikwe pembeni. Idadi ya mayai si lazima.

Kwa mazungumzo ya kamati

Kabla ya kikao, wajumbe wawili wakakae makaoni siku nzima, tangu uji mpaka taa kuzimwa, bila kubeba zawadi, kisha waeleze saa zipi zilikuwa tupu. Katika kikao kamati ijiulize: Kila mzee alifanya kazi gani ujanani, na nani kati yetu amewahi kumwuliza? Dirisha la nani linatazama wapi? Banda likijengwa, je, asiyeweza kutembea ataliona? Mhudumu wa zamu ya asubuhi anasema nini juu ya mpango huu, na je, alikuwapo tulipoupanga? Mnyama akifa, nani atamwambia mzee, na kwa maneno gani?

Majibu yaandikwe na kuletwa ofisi ya miradi pamoja na jina la bwana mifugo aliyekubali kuwa mjumbe. Bila jina hilo hatutalipokea ombi.